Mkono wa Tabibu Haufundishwi kwa Picha Peke Yake

Tanganyika ilipojipatia Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kikafunguliwa Dar es Salaam, nacho, baada ya mabadiliko kadhaa, mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo vyuo ni vingi na wanafunzi ni wengi, lakini mgonjwa kitandani ni mmoja. Huzungukwa na kundi zima, na walio nyuma huona migongo ya wenzao tu.

Kwa sababu hiyo twaunga mkono mafunzo ya matayarisho kwa njia ya mtandao. Kabla ya kupima shinikizo la damu, mwanafunzi na atazame filamu fupi, ajue kwamba ukanda ulio mwembamba mno kwa mkono wa mgonjwa hutoa kipimo cha uongo kilichozidi. Kwamba sauti ya kwanza ndiyo kipimo cha juu, na kutoweka kwa sauti ndiko kipimo cha chini. Filamu yaweza kurudiwa mara kumi, na hakuna mgonjwa aumiaye.

Lakini elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Tarakimu hizo kila mtu aweza kuzikariri. Mikono haizijui mpaka itoe jasho juu ya sanamu ya mazoezi, mwalimu akisimama kando na kusahihisha.

Hatari tuionayo ni hii: watatokea watakaosema kwamba, maadamu somo limo mtandaoni, walimu wapunguzwe. Jambo hilo twalipinga kabisa. Saa zilizookolewa darasani ni mali ya mazoezi, si mali ya mhasibu.

Tena, haifai mtoto wa mkulima asiyeweza kununua bando aingie mazoezini hajui neno, hali mwenzake amekwisha kujiandaa. Masomo hayo yawekwe katika mtandao wa ndani wa chuo bila malipo, nayo yaweze kupakuliwa ili yasomwe pasipo intaneti. Na kabla ya kumgusa mgonjwa, kila mwanafunzi ajaribiwe kwa vitendo mbele ya mwalimu wake.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tajiri hujichagulia daktari. Sisi hutibiwa na yeyote aliye zamu. Basi hasara ya mkono usiofundishwa haimwangukii tajiri. Yatuangukia sisi na watoto wetu. Tuna haki ya kudai kwamba mkono utakaotuchoma sindano uwe umekosea na kusahihishwa kwanza penye sanamu, kabla ya kufika penye mwili wa mwananchi.