Mjamzito Aliyeagizwa Kupumzika Si Mzembe

Mgonjwa anayelia kwa maumivu hupata huruma upesi. Watu humkimbilia, na mkubwa wake wa kazi humpa ruhusa bila kumwuliza maswali mengi. Lakini yuko mgonjwa mwingine ambaye hana homa, halii wala hachechemei, naye yumo katika hatari ya kufa siku yoyote. Huyo ni mwanamke mjamzito ambaye kondo lake la nyuma limetangulia mbele ya mtoto. Habari hii siandiki kwa kusimuliwa. Yalinifika mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimba yangu ya tatu ilikuwa imefika wiki ya 29. Nilikuwa nimesimama ubaoni nikifundisha hesabu nilipohisi kitu cha uvuguvugu kikinishuka miguuni. Nilipotazama niliona ni damu, nyekundu kabisa, wala sikuwa na maumivu hata kidogo. Damu ile ilikatika yenyewe kabla sijafika zahanati, na kwa kuwa ilikatika, watu wazima wawili tuliokutana nao njiani walinishauri nirudi nyumbani nikalale, kwani hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake. Mkunga wa zahanati hakukubali. Hakunipima kwa kidole, maana kufanya hivyo kungeweza kuiamsha damu upya, bali aliniandikia barua nikapelekwa hospitali siku ile ile. Huko kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba kondo lilikuwa limeuziba kabisa mlango wa kizazi.

Inafaa sote tuelewe maana ya jambo hili. Kwa kawaida kondo hujishikiza sehemu ya juu ya mji wa mimba. Mtoto hutangulia kutoka, nalo hufuata baadaye, ndiyo maana wazee wetu wakaliita kondo la nyuma. Katika hali ninayoieleza kondo hujishikiza chini, likakaa mlangoni, na mtoto akabaki nyuma yake. Miezi ya mwisho inapofika, sehemu ile ya chini hutanuka, kondo likaanza kubanduka, na mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto ikaachwa wazi. Mwishoni mwa mimba, damu inayopita katika mji wa mimba huzidi nusu lita kila dakika, hali mwili mzima wa mwanamke una lita tano au sita tu. Msomaji anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe.

Hali hii hutokea kwa kiasi cha mimba moja katika kila 200. Huwapata zaidi wanawake waliowahi kuzaa kwa kupasuliwa, kama nilivyokuwa mimi, waliozaa mara nyingi, wenye umri uliozidi miaka 35, na wenye mimba ya mapacha. Si kila mwanamke anayeambiwa katika mwezi wa tano kwamba kondo lake liko chini ataingia katika hatari hiyo, kwani wengi wao kondo huonekana limepanda juu kadiri mji wa mimba unavyokua. Ndiyo sababu hutakiwa kupimwa tena kwenye wiki ya 32 hivi. Ambaye kondo lake limebaki palepale mlangoni hana njia nyingine ya kuzaa kwa usalama ila kwa kupasuliwa, tena kabla uchungu haujaanza, mara nyingi katika wiki ya 36 au 37.

Daktari alinichoma sindano za kusaidia kukomaza mapafu ya mtoto, akanipa vidonge vya kuongeza damu, kisha akaniagiza mambo matano. Nisibebe mizigo wala kufanya kazi nzito. Nisikutane na mume wangu kimwili. Nisikae mbali na hospitali yenye uwezo wa kupasua. Nisilale peke yangu nyumbani. Na jamaa zangu wajiandae kutoa damu. Hakuniambia nilale kitandani mchana kutwa. Niliruhusiwa kutembea polepole, kupika chakula chepesi na kuketi kivulini.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Nilihamia kwa dada yangu mjini, karibu na hospitali, na siku moja nilionekana sokoni nikinunua nyanya. Haukupita muda nikaletewa barua ikinitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa utoro kazini. Cheti cha daktari nilikuwa nimekwisha kukipeleka, lakini kilikuwa kimelala chini ya makaratasi mengine. Baadhi ya wenzangu, tena wanawake, walisema kwamba mimba si ugonjwa, na kwamba mama zao walilima hadi siku ya kujifungua.

Sipendi kumlaumu kupita kiasi aliyeiandika barua ile. Alikuwa na darasa la watoto zaidi ya 90 lisilokuwa na mwalimu, na wazazi walikuwa wakimdai masomo. Yeyote anayeongoza shule au ofisi yenye watumishi wachache anaufahamu uzito huo. Pia ni kweli kwamba wapo watumishi wanaotumia vyeti vya daktari kama mwavuli wa uvivu, na hao ndio wanaowaharibia wenzao. Hata hivyo, kiongozi mwenye busara hapimi ugonjwa kwa macho. Akiwa na shaka, na akiulize chanzo cha cheti. Asiuchukue uzima wa sura ya mtu kuwa ushahidi dhidi yake.

Tena jambo hili halikuachwa kwenye huruma ya mkubwa wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyo inamruhusu kuianza wiki nne kabla ya siku anayotazamia kujifungua, au mapema zaidi iwapo daktari atathibitisha kwamba afya yake au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Ipo pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Watumishi wangapi wanayajua haya? Mimi sikuyajua mpaka nilipoandikiwa barua. Wanaoshika mafaili ya utumishi wangetenda wema mkubwa kama wangewaeleza watumishi haki hizi kabla hazijahitajika.

Damu ilirudi katika wiki ya 34, saa nane za usiku, nayo safari hii haikukatika. Kutoka kwa dada yangu hadi hospitali ni mwendo wa dakika chache. Kutoka kituo changu cha kazi ni kilomita 40 za barabara ya udongo, na masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Nilipasuliwa usiku ule ule nikaongezewa chupa tatu za damu. Zilikuwapo kwa sababu walimu wenzangu wanne walikwenda kujitolea damu wiki mbili kabla. Mtoto alizaliwa na kilo mbili na robo. Leo yuko darasa la pili. Kama ningeitii barua ile na kurudi kituoni, darasa lile la watoto 90 lingekosa mwalimu wake moja kwa moja, na watoto wangu wawili wakubwa wangekosa mama.

Nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hata hivyo kutokwa damu kungali miongoni mwa sababu kubwa za vifo vilivyobaki, na damu ya kuongezewa haitengenezwi kiwandani. Hutoka mwilini mwa mtu mzima mwenye afya, nayo haihifadhiki zaidi ya wiki chache. Mwanamume mwenye afya anaweza kuitoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Ofisi yenye watumishi 20 ikijipangia zamu, hospitali ya wilaya yake itaona tofauti.

Mwisho, tusiwasahau wale wasiokuwa na mwajiri. Mke wa mkulima hana likizo ya siku 84, wala hana wa kumwandikia barua. Jembe lake na ndoo yake ya maji humngoja kila asubuhi, hata kama kondo liko mlangoni. Huyo anamtegemea mwalimu wa kijiji na mtumishi yeyote anayesoma gazeti. Wao ndio wa kumweleza mumewe na mama mkwe wake kwamba damu yoyote inayotoka wakati wa mimba, hata ikiwa kidogo, hata ikiwa haina maumivu, hata ikikatika yenyewe, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Tena wawaeleze kwamba kupasuliwa si aibu wala si ishara ya udhaifu wa mwanamke.

Maneno hayo yanatosha kusemwa katika mkutano mmoja wa wazazi, kwa muda usiozidi dakika tano. Naomba yasemwe katika mkutano unaokuja.