Alizeti Yetu na Majani ya Bahari

Mtoto wa jirani yetu hapa Ikungi alituuliza kama baharini kuna maua. Tukamjibu upesi kuwa hakuna, kwani chumvi huua mmea. Sisi tusio mbali na maziwa ya Singida na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi, twajiona kuwa jambo hilo twalijua sana. Kumbe tulikosea, na ni haki tusahihishe hapa.

Katika ghuba ya Chwaka, Unguja, maji yakipwa huonekana uwanda wa majani ya kijani. Wengi huyachanganya na mwani, lakini mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, ilhali majani haya yana mizizi, maua na mbegu kama alizeti ya mashamba yetu. Asili yake ni mimea ya nchi kavu iliyorejea majini mamilioni ya miaka iliyopita. Duniani kote aina zake ni kama 60 au 70 tu.

Chavua ya alizeti hubebwa na nyuki. Huko chini nyuki hayupo, basi aina nyingi hutoa chavua iliyo kama nyuzi, ikachukuliwa na maji. Aina iitwayo Enhalus hufanya vingine: maua yake madume hukatika na kuelea juu kama vijimashua vyeupe, hata yakalifikia ua jike. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza vinasaba vya Zostera marina, aina ya bahari za kaskazini, waliona kuwa vile vya kuumba vitundu vya kuvutia hewa majanini vimepotea, hali kadhalika vile vya kutoa harufu ya kuita wadudu. Badala yake, kuta za chembe zake zimefanana na za mwani, jambo limsaidialo kuistahimili chumvi. Hapo ndipo jibu letu lilipoanguka.

Tasi na pono wanaovuliwa Chwaka kwa madema hula na kukulia humo. Hata hivyo, tangu kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwaka 1989, baadhi ya wakulima huyang'oa wapate nafasi ya vigingi vyao. Hatuwalaumu kina mama wale, maana mwani huwapatia fedha za nyumbani. Nasi tungaliyaona, tungaliyaita magugu.

Mtoto tulimwita tukamweleza yote. Akauliza maua hayo yanukia vipi. Tukamwambia nyuki wa kuitwa hayupo.