Kabla ya kushangilia tangazo, tuulize litampita nani

Wazee wa Ukambani husimulia habari za Syokimau, nabii mwanamke aliyeishi kabla ya reli kukanyaga nyanda za Athi. Inasemekana alitabiri kwamba siku moja angekuja nyoka mrefu atemaye moto na moshi, aliyejinyoosha kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, na kwamba wangekuja watu wabebao moto mifukoni mwao. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na ziwani mwaka wa 1901, waliousikia utabiri huo walimtambua nyoka wao mara moja. Jina la nabii huyo lingali hai katika kaunti ya Machakos. Pahali paitwapo Syokimau pana kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka wa 2012, na kingine cha reli mpya kilichoanza kazi mwaka wa 2017.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo masimulizi hayo hayakulitaja. Nyoka alipofika hakupita mjini Machakos. Mji huu, uliokuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara wakati Nairobi ingali kinamasi, uliachwa kando. Reli ilipita Konza, ikapita Athi River, ikashika njia yake. Mwaka huo huo wa 1899 makao ya utawala yakahama kuifuata. Nabii aliona kitakachokuja. Nani angepitwa, hilo lilijulikana baada ya mataruma kulazwa.

Tunakumbusha kisa hiki kwa sababu siku hizi utabiri umekuwa biashara. Kampuni ya teknolojia inapokaribia kutoa bidhaa mpya, huanza kwa kudokeza kidogo na kunyamaza sana. Magazeti hukisia, wauzaji wa maduka hukisia, na wanafunzi wetu hubishana mabwenini juu ya kamera na betri ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona. Si vibaya kukisia. Kukisia ni mwanzo wa kufikiri. Kosa letu ni kwamba tunauliza swali moja tu: kitakuwa kitu gani? Swali la pili, lile ambalo Machakos ilipaswa kulijua kuliko mji mwingine wowote, hatuliulizi: kitampita nani?

Hebu tuutazame mfano ulio jirani yetu. Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto aliahidi kwamba katika muda wa mwaka mmoja hivi Kenya ingekuwa na simu janja iliyotengenezwa nchini, ya bei isiyozidi dola 40. Minong'ono ilianza papo hapo. Wako waliosema simu hiyo ingetoka Konza, katika jiji la teknolojia ambalo Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe lake la msingi mwezi Januari 2013. Wako waliosema ni maneno ya siasa, yatapita kama mvua ya manyunyu. Wengi walipiga hesabu kwa vidole: dola moja wakati huo ilikuwa takriban Sh123, basi simu ingekuwa chini ya Sh5,000. Tarakimu hiyo ikaingia vichwani mwa wazazi, ikakaa.

Tarehe 30 Oktoba 2023, jibu lilipatikana. Kiwanda kilizinduliwa si Konza bali Athi River, papa hapa kaunti ya Machakos, kwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne kutoka Uchina. Simu zilizotangazwa zilikuwa mbili, zote zenye uwezo wa mtandao wa 4G. Ile ndogo, Neon Smarta, iliuzwa kwa Sh7,499. Kubwa, Neon Ultra, Sh8,999.

Haki itendeke katika kunena. Ahadi ya kiwanda ilitimizwa, na ilitimizwa ndani ya muda uliotajwa, jambo ambalo si la kila siku katika nchi yetu. Vijana walipata kazi ambayo jana haikuwako. Mwenye kubeza haya yote ana chuki zake.

Lakini mzazi aliyekuwa ameweka Sh5,000 kibindoni alirudi nyumbani mikono mitupu. Nani alimdanganya? Pengine hakuna. Kati ya ahadi na uzinduzi, shilingi iliteremka hadi takriban 150 kwa dola, kwa hivyo hata dola 40 zenyewe zilikuwa zimekwisha kuwa Sh6,000. Simu ya Sh7,499 ilikuwa yapata dola 50. Kwa mtoa ahadi, tofauti ni dola kumi. Kwa mama auzaye mboga sokoni, tofauti ni nusu ya fedha alizokusanya mwaka mzima. Hapa pana funzo la hesabu ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifundisha bila kitabu: aliyeahidi alihesabu kwa dola, aliyesubiri alihesabu kwa shilingi. Aidha, bei ya simu haipangwi na mwenye kiwanda peke yake. Serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa simu za mkononi mwaka wa 2009, kisha ikaurudisha mwaka wa 2013. Mkono uahidio na mkono utozao aghalabu ni wa mtu mmoja.

Huenda msomaji akauliza, haya yanawahusu vipi walimu na wanafunzi? Simu si kitabu. Naam, palikuwa na wakati ambapo jibu hilo lingetosha. Wakati huo uliisha mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kwa miezi kadhaa darasa likahamia kwenye redio, runinga na simu. Mtoto ambaye nyumbani kwao kulikuwa na simu ya kupiga na kupokea tu hakufeli mtihani wowote, wala hakutoroka shule. Alipitwa. Tangu hapo milango mingi zaidi imehamia huko. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi na kuomba ufadhili wa chuo kikuu kwa mtandao. Mwalimu mwenyewe hujaza fomu za kutathminiwa kazi yake, zile za TPAD, kwa mtandao. Hebu tumfikirie msichana wa Masinga au Yatta ambaye alama zake ni nzuri, ambaye siku ya mwisho ya kutuma maombi inamkuta akitafuta nauli ya kwenda mjini kwenye duka la huduma za intaneti. Kwake yeye, bei ya simu ni suala la elimu.

Wala hii si mara ya kwanza kwa shule zetu kuwekwa katika chumba cha kungojea. Katika kampeni za mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi vipakatalishi kwa watoto wanaoingia darasa la kwanza, kuanzia Januari 2014. Nchi nzima ilikisia: vitakuwa vya namna gani, vitawekwa wapi, nani atavilinda usiku? Zabuni ikaingia mahakamani, miaka ikapita. Mradi ulipoanza kufika shuleni mwaka wa 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, na yule mtoto aliyeahidiwa akiwa darasa la kwanza mwezi Januari 2014 alikuwa tayari darasa la tatu. Vishikwambi zaidi ya milioni moja viligawanywa nchini, na si jambo dogo. Hata hivyo, mwalimu wa kawaida anajua kwamba kifaa bila umeme wa kuaminika, bila fundi wa karibu na bila mafunzo ya kutosha huishia kabatini chini ya kufuli. Wakati wa kukisia tulibishana juu ya kifaa. Tulisahau kubishana juu ya kufuli.

Kuna upande wa pili wa mambo, nao unatupa moyo. Mnamo Januari 2007, dunia ilikesha ikingoja tangazo la kampuni ya Apple, na Steve Jobs akapanda jukwaani mjini San Francisco akiwa na iPhone mkononi. Miezi miwili baadaye, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa hapa Kenya. Hakuna aliyekesha. Isitoshe, huduma hiyo ilipojaribiwa mara ya kwanza mwaka wa 2005 ilikusudiwa hasa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Ni wateja wenyewe, katika majaribio hayo ya Nairobi na Thika, walioigeuza. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na wenye kampuni wakawa na busara ya kuwatazama na kuwafuata. Leo, ukimwuliza mkazi wa Tala au Kangundo ni tangazo lipi la mwaka huo lililobadilisha maisha yake, hatakutajia San Francisco.

Mfano huo unatufundisha kwamba tangazo ni nusu ya kitu. Nusu ya pili hutengenezwa na wanaokitumia. Na kama ni hivyo, basi sisi tusio na viwanda wala majukwaa hatuna sababu ya kukaa kama watazamaji wa mpira, tukingoja bao.

Kwa hiyo tangazo lijalo litakapoanza kunong'onwa, liwe la kiwanda cha Athi River, la wapangaji wa Konza au la kampuni yoyote ya ng'ambo, safu hii inapendekeza tukisie kwa maswali manne.

Kwanza, bei kamili ni shilingi ngapi? Si ya kifaa tu, bali pamoja na bando la mwezi na riba ya malipo ya pole pole. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipa Sh20 kwa siku. Shilingi ishirini ni neno tamu masikioni. Mwanafunzi azizidishe kwa siku za mwaka mzima ndipo aamue kama ni kidogo.

Pili, kikiharibika kitatengenezwa wapi? Betri yake itabadilishwa na fundi wa Machakos mjini, au mwenyewe ataambiwa anunue kingine?

Tatu, kinasema lugha gani? Nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake ya taifa na mojawapo ya lugha zake rasmi haipaswi kushukuru kwa kupewa kifaa ambacho bibi yake hawezi kukisoma.

Nne, tunajifunza nini katika kukiunda? Kuunganisha vipuri vilivyotoka ng'ambo ni hatua njema, lakini ni hatua ya kwanza. Chuo Kikuu cha Machakos na vyuo vya kiufundi vya kaunti hii haviko mbali na Athi River. Tungependa kusikia tangazo litakalosema kwamba sehemu fulani, hata kama ni kasha la plastiki au programu ndogo ya masomo, imebuniwa na wanafunzi wa hapa. Tukiruhusiwa kutabiri, tunatabiri kwamba kampuni itakayolisikia ombi hilo mapema haitajuta, kwani simu ya bei nafuu inaweza kuigwa na yeyote, bali simu inayomjua mtumiaji wake haiigwi kwa urahisi.

Kwa walimu tuna ombi moja la ziada, ambalo halihitaji umeme wala bajeti. Siku minong'ono itakapoanza, mpe kila mwanafunzi karatasi. Aandike insha fupi: kitu gani kinakuja, kitauzwa bei gani, nani atakipata, nani atapitwa. Zikusanye, uzifungie kabatini. Baada ya mwaka mmoja zitoe, msome pamoja, mlinganishe na yaliyotokea. Watacheka, bila shaka. Lakini wataona kwa macho yao umbali ulioko kati ya neno na tendo, na mwanafunzi aliyejifunza kupima umbali huo hatatekwa na jukwaa wala taa zake, ziwe za mwanasiasa au za mfanyabiashara.

Mji wa Machakos haukuulizwa njia ya reli ilipochorwa. Mkaguzi alitazama vilima na gharama, akapiga mstari tambarare, na watu wakaamka wakakuta njia imekwisha pita kwingine. Njia za zama hizi zinachorwa pia, katika vyumba vya mikutano vya Nairobi, vya Uchina na vya Marekani, na tofauti yetu na wazee wetu ni kwamba tunaweza kusoma ramani kabla haijawa chuma. Mwenda pole hajikwai, lakini aliyelala njiani hupitwa. Nabii alitimiza wajibu wake alipotuambia kwamba nyoka anakuja. Kuuliza atapita wapi ni wajibu wetu.