Ziwa Tanganyika lina milango miwili

Kila mwaka, masika yakikaribia mwisho, maji ya Ziwa Tanganyika hupanda. Katika miezi ya Aprili na Mei hufika juu kuliko miezi mingine. Kisha kiangazi huja, na maji hushuka polepole mpaka Oktoba ao Novemba. Kwa kawaida kupanda na kushuka huko hakupiti metri moja, ni kama kiuno cha mtoto wa shule. Wavuvi wote wanajua jambo hilo, wala hakuna anayeshangaa.

Lakini kuna miaka ambayo maji hupanda na hayarudi upesi mahali pake. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 2020, na tena zaidi katika mwaka 2024. Maji yaliingia katika nyumba za watu Kalemie na Uvira, na ng'ambo pia, huko Bujumbura. Watu walibeba vitanda na vyungu juu ya vichwa wakaenda kuomba pa kulala kwa ndugu zao. Basi wakaanza kuulizana: kosa ni la nani? Wengine wakasema, Lukuga imezibwa. Wengine wakanong'ona kwamba kuna mtu aliyeroga ziwa. Hao wote wamekosa, ingawa hawakukosa sawasawa.

Wa kwanza wana sababu yao. Mito mingi yaingia katika Tanganyika: Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu, Malagarasi wa Tanzania, na vijito vingi vya milimani. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, ndio Lukuga. Watoka Kalemie, waenda magharibi mpaka Lualaba, na maji yake husafiri katika mto Kongo mpaka bahari ya Atlantika. Mtu akisimama kando ya Lukuga huona maji yakienda zake, hudhani kwamba hapo ndipo ziwa linapopunguka. Macho yake yamemdanganya. Kwa kawaida, katika sehemu kumi za maji yanayoondoka ziwani, Lukuga hauchukui hata sehemu moja nzima. Sehemu tisa na zaidi hupanda juu hewani, wala hakuna anayeziona zikienda.

Kila mtoto aliyekaa jikoni amekwisha kuona jambo hilo bila kulifikiri. Mama anapochemsha maji ya bugali, mvuke hupanda. Akifunika sufuria, kisha akifunua, matone hudondoka kutoka kifuniko. Maji yalipanda yakiwa mvuke, yakakuta kifuniko chenye baridi kidogo, yakawa maji tena. Wala si lazima yachemke. Nguo zilizofuliwa asubuhi hukauka saa sita, na hakuna aliyeziweka motoni. Jua na upepo vimekunywa maji yake.

Sasa, Tanganyika ni sufuria ya namna gani! Urefu wake ni kilometri 670 hivi, upana wake karibu 50, na kilindi chake chafika metri 1.470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililo na kilindi kuupita, ni Baikal la Urusi. Jua hulipiga kutwa, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini huja kwa nguvu ukichukua mvuke, ndio upepo ule unaowazuia wavuvi wa ndagala wasitoke usiku. Hivi ziwa hupoteza kila mwaka maji ya zaidi ya metri moja, toka pwani hata pwani. Mvuke hupanda, hukuta hewa ya baridi juu ya milima ya Mitumba, hugeuka matone madogo sana, na matone hayo pamoja ndiyo wingu. Yakizidi uzito, ndiyo mvua. Mvua hiyo huanguka penginepo juu ya milima, penginepo juu ya ziwa lenyewe. Tena ajabu nyingine: mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa huliletea maji mengi kuliko mito yote.

Basi ziwa lina mlango wa chini, ndio Lukuga, na mlango wa juu, ndio hewa. Masika yakiwa makali, mvua huzidi. Na mlango wa juu hupunguka wakati ule ule, kwa kuwa mawingu hufunika jua na hewa imekwisha kushiba maji. Vinavyoingia ni vingi, vinavyotoka ni vichache. Lukuga ikijaa tope na majani, ni vema isafishwe. Kazi hiyo si bure. Lakini anayengoja Lukuga peke yake imwokoe ni sawa na mtu anayepunguza maji ya pipa kwa kijiko, na mvua ingali inanyesha.

Na mchawi je? Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi, upande wa Afrika, yalipata joto kuliko desturi. Mvuke mwingi ukapanda, na mvua kubwa zikanyesha katika Afrika ya mashariki. Katika mwaka 1961 ilikuwa vivyo hivyo. Mvua zikazidi miaka kadhaa, na katika 1964 ziwa likapanda sana. Mchawi gani wa Kalemie awezaye kupasha moto Bahari ya Hindi? Hata hivyo penye msiba hutafutwa mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Akifukuzwa kwake, je, maji yatashuka kwa sababu hiyo? Hayatashuka hata kidole. Ila amri ya nane ya Mungu itakuwa imevunjwa, na mwanamke atakuwa hana nyumba. Ndiyo maana kosa la hawa wa pili ni baya kuliko la wale wa Lukuga: wale wamekosa hesabu tu.

Ziwa lenyewe lina habari za zamani zinazostahili kujulikana. Katika mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga akaukuta umezibwa kwa majani na mchanga. Stanley alifika katika 1876, naye hakuona mto unaotiririka vizuri. Wakati huo maji ya ziwa yalikuwa juu. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi kile yakatoka kwa nguvu, na katika miaka isiyotimia ishirini ziwa likashuka karibu metri kumi. Metri kumi!  Ardhi kubwa ikaonekana, tambarare, yenye mchanga mzuri, karibu na samaki. Watu wakashuka wakajenga.

Hapa ndipo penye kosa, kama ni lazima kosa litafutwe. Watu wameona ziwa miaka ishirini ao thelathini, wakadhani wamelijua. Mvua ya leo na jua la kesho ni hali ya hewa, hubadilika kama uso wa mtoto. Tabia ya nchi ni jambo jingine: wenye elimu hupima mvua na joto miaka thelathini kabla ya kuitaja. Na kwa ziwa kama Tanganyika hata miaka thelathini ni michache. Ufuko wa kweli si pale maji yalipo leo. Ni pale yalipokwisha kufika. Ardhi iliyo kati ya alama hizo mbili ni mkopo, na mwenyewe huja kuidai bila kubisha hodi.

Mtu atajibu: ni rahisi kusema. Juu mlimani kiwanja ni cha mawe, na msichana atapanda na ndoo ya maji kichwani mara tatu kila siku. Mvuvi ataacha wapi mtumbwi wake? Maneno hayo ni ya haki. Maskini hakuchagua mchanga kwa upumbavu. Kwa hiyo si haki kumwambia ahame bila kumpa bomba la maji juu na njia nzuri ya kushukia. Wakubwa wanaouza viwanja vya ufukoni wanajua hayo kuliko yeye. Tena mlima nao una hatari yake ukinyolewa miti. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha Uvira. Mto Mulongwe ukashuka na mawe na matope, na makumi ya watu wakafa. Penye miti, udongo hunywa mvua na kuitoa polepole katika chemchemi. Mahali pasipo miti, maji hayangoji.

Katika Injili, Bwana wetu Yezu alisema habari ya mtu aliyejenga juu ya mchanga. Watoto wengi wanajua mfano huo kwa moyo, na wengine wao hulala kila usiku katika nyumba ya mchangani.

Shule iliyo karibu na ziwa yaweza kufanya hivi. Mwishoni mwa Aprili wanafunzi wachomeke mti imara pale maji yanapoishia, na mwalimu aandike tarehe. Katika Oktoba warudi na kamba ya kupimia. Wataukuta mti umesimama pakavu, na mbele yake mchanga mpana, safi, sawasawa kabisa, mzuri wa kujengea nyumba.