Rangi haina kadi

Jana usiku hapa hosteli, badala ya kuandaa maandalio ya somo, tulibishana kuhusu Mustang ya 1968, ile ya Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt. Januari 2020 ilipigwa mnada Florida kwa dola milioni 3.4, ada pembeni. Familia iliyoiuza iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000 tu! Rafiki yangu akadakia, "Unaona? Gari la zamani ni dhahabu!"

Nikacheka kwa uchungu. Baba yangu mdogo alitoka na vihela vyake machimboni Geita, akaja mnadani huku Shinyanga. Akakutana na Land Rover 109, rangi inang'aa, dalali anapayuka, watu wanapandishiana bei. Mzee akanyoosha mkono. Hakufungua boneti, hakuuliza kadi. Mpaka leo iko chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye siti. Na hela ile ndiyo ilikuwa ada ya mdogo wangu.

Sasa jamani, ile Mustang ilikuwa imechakaa, rangi haijaguswa. Kilichoipa bei ni historia na karatasi zake, hata barua ya McQueen ya mwaka 1977 akiomba auziwe tena. Sisi tunafanya kinyume: tunanunua rangi, karatasi "tutafuatilia".

Msimamo wangu: ukienda mnadani nenda na fundi, kadi uione kabla mkono haujapanda. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Ya mwembeni ni ya kila siku.

Haya, maandalio yananisubiri.