Kiswahili kina kosa gani hata kiadhibiwe shuleni?

Mwaka 2023 nilimpeleka binti yangu kuanza kidato cha kwanza katika shule moja ya upili ya kibinafsi. Kabla ya sanduku lake kukaguliwa, tulipewa fomu yenye kanuni ishirini na tatu, tuisome na kuitia sahihi, mzazi na mwana. Nyingi sikuwa na ugomvi nazo. Mwanafunzi aamke alfajiri, avae sare kamili, asije na simu ya mkononi, asitoke nje ya lango bila kibali. Kuhusu urefu wa sketi sitasema kitu, maana hata wapimaji wenyewe sijawasikia wakikubaliana.

Kanuni ya kumi na moja ndiyo iliyonikwama kooni. Iliamuru kwamba Kiingereza kiwe lugha ya pekee ya mazungumzo popote shuleni, isipokuwa katika vipindi vya Kiswahili na siku ya Ijumaa. Mkiukaji atavishwa diski.

Mimi, ninayelipwa mshahara kwa kufundisha isimu, niliitia sahihi. Karo ilikuwa imekwisha kulipwa, foleni ya wazazi ilikuwa ndefu nyuma yangu, na binti yangu alikuwa akinitazama kwa macho ya kunisihi nisianze mhadhara. Huo ndio udhuru wangu, nao ni dhaifu.

Walimu wanaijua diski vyema. Ni kibao kilichotungwa uzi, anachovishwa yule aliyeponyokwa na neno la Kiswahili au la lugha ya mama. Ili kukivua, sharti amnase mwenzake. Basi kibao huzunguka kutwa nzima, na jioni atakayepatikana nacho hufyeka nyasi au husugua choo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu siasa ya lugha, alisimulia jinsi kifungo kilivyopokezanwa vivyo hivyo shuleni wakati wa ukoloni. Mkoloni aliondoka mwaka 1963. Kifungo kikabaki, kikabadilisha umbo tu.

Hebu tujiulize: diski humfunza nini mtoto? Kiingereza? La hasha. Lugha hupatikana kwa kusikilizwa, kusomwa na kutumiwa na mtu mwenye jambo la kusema. Anayeogopa kunaswa hujifunza kunyamaza, au kujibu kwa maneno matatu aliyo na hakika nayo. Binti yangu, msemaji hodari tangu utotoni, aliniambia katika likizo ya kwanza kwamba mezani wakati wa chakula wao hukaa kimya, kwa kuwa hapo ndipo wawindaji huwa wengi. Nao wakijificha nyuma ya bweni, hawazungumzi Kiingereza kamwe. Huko Sheng hustawi kuliko mboga za bustani ya shule. Jambo la pili wanalojifunza ni kuchongeana, na hilo hulijua barabara.

Siku ya wazazi nilikutana na mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo. Kwenye ujia alinisalimu kwa Kiingereza. Tulipoingia ofisini akaufunga mlango, kisha akasema, "Shikamoo, Daktari. Samahani, huko nje wanafunzi wananisikia." Nilimwonea huruma. Huyu ndiye tunayemdai alama za A katika mtihani wa taifa!

Sitaki nieleweke vibaya. Kiingereza nakihitaji, mihadhara yangu mingi huitoa kwa lugha hiyo, na mzazi anayekitaka kwa mwanawe ana haki. Lakini maktaba yenye vitabu vinavyoazimwa, mijadala ya kila juma na mwalimu anayesahihisha insha kwa subira vingemfaa mtoto huyo zaidi ya kibao shingoni. Stadi za kusoma na kupanga hoja azipatazo mtu katika lugha moja humsaidia katika nyingine, wala hazifukuzani kama kuku bandani.

Kisha kuna sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 44 champa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Shule ya kibinafsi haina katiba yake.

Nilimwandikia mwalimu mkuu nikipendekeza kanuni hiyo isomeke hivi: mwanafunzi ahimizwe kuzungumza Kiingereza na Kiswahili kwa ufasaha, na asiadhibiwe kwa lugha yoyote. Alijibu kwa adabu kwamba wazazi wengine hawajalalamika. Pengine ni kweli. Nao walikuwa kwenye foleni ile ile.

Sasa mdogo wake binti yangu anajiandaa kuingia shule ya upili, na fomu ya shule hiyo hiyo iko mezani kwangu. Nimeijaza yote. Kanuni ya kumi na moja nimeipiga mstari, nikaweka sahihi yangu kando ya mstari huo. Nangoja kuona kama watampokea.