Mwanafunzi hakati tamaa peke yake: walimu wa Nyangwe wapewe saa ya kukaa pamoja

Mwezi wa tisa, mabenchi ya mwaka wa kwanza yanajaa mpaka watoto wengine wanakaa chini. Pasaka ikikaribia, kwenye shule nyingi za vijiji vya Kasongo na Kabambare, nafasi zinaanza kuonekana. Mpaka kufika mwaka wa sita, darasa lililoanza na umati limebaki na watoto wachache, na kati ya hao wachache wasichana wanahesabika kwa vidole. Kutoka Nyangwe mpaka Salamabila kila mtu anajua jambo hili. Kwa sababu limezoeleka, halimshitui tena mtu.

Sababu zinazotajwa ni zile zile. Mtoto hana moyo wa masomo. Wazazi hawajali. Watoto wa siku hizi wanapenda pesa ya haraka. Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, lakini yana faida moja kubwa kwa watu wazima: yanamwachia mtoto wa miaka kumi mzigo wote.

Hebu tuangalie maisha yenyewe. Nyangwe iko kando ya mto Lualaba, na mwaka wake unafuata mto na shamba. Mpunga ukianza kuzaa, watoto wanatumwa kufukuza ndege. Siku za soko, msichana anabaki nyumbani kulea wadogo wakati mama anauza. Upande wa Kabambare kuna dhahabu. Karibu na Namoya na Salamabila, kijana anayeosha mchanga anaweza kurudi jioni na franka mkononi, wakati mwenzake aliyeshinda darasani anarudi na njaa tu. Na kuna miaka ya risasi: makundi yenye silaha, yakiwemo yale ya Mai-Mai Malaika, yamehamisha vijiji vizima vya Kabambare. Shule inafungwa wiki kadhaa, watu wanalala porini au kwa ndugu, halafu wanarudi. Mtoto naye anarudi, bila daftari, bila kalamu, hajui somo limefika wapi.

Siku hiyo ya kurudi ndiyo yenye uzito kuliko siku zote za mwaka. Mtoto aliyekosa wiki tatu anasimama mlangoni. Nani anampokea, na kwa neno gani? Akiambiwa «wewe ulikuwa wapi, kaa nyuma», akapewa interro ya kitu asichowahi kufundishwa, akapata sifuri, kisha sifuri ile ikasomwa kwa sauti mbele ya wenzake, ataendelea kuja siku tatu nne. Baadaye hatakuja. Watu watasema amekosa moyo. Kumbe moyo alikuwa nao, ndiyo maana alirudi.

Uvumilivu wa mwanafunzi unajengwa hapo, kwenye mambo madogo ya namna hiyo, na haujengwi na mwalimu mmoja. Mwalimu wa mwaka wa tatu anaweza kumpokea mtoto vizuri, akamkalisha karibu na mwenzake anayejua, akampa wiki mbili za kushika alichokosa. Lakini mwaka unaofuata mtoto huyo anapita kwa mwalimu mwingine ambaye kwake kosa ni kosa na adhabu ni adhabu. Kazi yote ya mwaka inaanguka. Shule ambayo kila mwalimu ana sheria yake mlangoni inamfundisha mtoto kitu kimoja tu: kwamba bahati ndiyo inaamua.

Kuna sehemu moja ambapo watoto wengi wanaanguka, na inastahili kusemwa kwa urefu kidogo, kwa sababu inagusa historia ya mahali hapa. Kiswahili kilifika Nyangwe na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, kwenye miaka ya 1860, kabla ya shule yoyote ya wazungu. Livingstone alipofika mwaka 1871 alikuta soko kubwa linalokusanya maelfu ya watu, na mwezi wa saba mwaka huo akaona kwa macho yake mauaji yaliyofanywa sokoni pale. Vitabu vinaikumbuka Nyangwe kwa damu ile. Lakini lugha iliyoingia nyakati hizo ilibaki, na leo ni lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya kanisani na ya msikitini. Mtoto anaingia mwaka wa kwanza akiwa nayo mdomoni. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inakubali kwamba lugha za taifa na lugha za mazingira zitumiwe kufundishia. Kwa hiyo mwanzoni mtoto anajibu, anauliza, anacheka. Halafu Kifaransa kinashika darasa, na mtoto aliyekuwa anasema sana ananyamaza. Hakuwa mjinga ghafla. Amekosa maneno. Walimu wa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne wasipozungumza wao kwa wao juu ya namna ya kumvusha, ukimya huo unaandikwa kwenye buletini kama ukosefu wa akili, na mtoto anarudilia mwaka. Akirudilia mara mbili, amekuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Machimbo au ndoa viko karibu.

Sasa, mahali pa walimu kuzungumza si kitu cha kubuni leo. Leta ilikwisha kupanga. Kila shule inatakiwa kuwa na kundi la walimu la kusaidiana katika kazi, lile linaloitwa kwa Kifaransa cellule de base, likiongozwa na direkta. Shule zilizo karibu nazo zinatakiwa kuunganishwa katika mtandao wa shule jirani, unaojulikana kwa kifupi REP, ili walimu wa kijiji kimoja wakutane na wa kijiji cha pili. Kwenye karatasi mpango ni mzuri. Tatizo ni kile ambacho mikutano hiyo imekuwa mahali pengi: kazi ya kujaza daftari la ripoti kwa sababu enspekta atapita. Somo la mfano linaandaliwa, mwalimu mmoja anafundisha mbele ya wenzake, wengine wanatoa maoni juu ya mwandiko wa ubaoni, sahihi zinawekwa, watu wanaachana. Jina la mwanafunzi hata mmoja halikutajwa.

Kikao chenye faida kinaanza kwa kinyume. Kinaanza na mtoto. Walimu wanaleta madaftari matatu ya watoto wanaoyumba na kuyaweka mezani. Chukua hesabu ya kugawanya, ambayo inawashinda wengi mwaka wa nne. Mwalimu mmoja anaona makosa kumi yenye alama nyekundu na basi. Mwenzake akitazama daftari lile lile anaweza kuona kwamba mtoto anajua kugawanya, ila hajashika jedwali la saba. Makosa kumi ni kosa moja lililorudiwa mara kumi. Wa tatu anaeleza namna anavyotumia mbegu za mahindi kufundisha jedwali hilo. Wanakubaliana: kwa wiki mbili, mtoto huyu hatapewa sifuri, ataandikiwa pembeni kitu gani cha kusahihisha, na atapewa nafasi ya kukirudia. Baada ya wiki mbili daftari linarudi mezani. Kitu kimesogea au hakikusogea? Kama hakikusogea, wanajaribu njia nyingine. Katika kufanya hivyo walimu wenyewe wanafanya kile wanachomwomba mtoto akifanye: kushindwa, kuangalia kwa nini, kujaribu tena, bila aibu mbele ya wenzao.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa mashariki mwa Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la IRC liliendesha mpango wa kufundisha kusoma na hesabu huku likijali watoto walioumizwa na vita, na sehemu moja ya mpango ilikuwa vikundi vya walimu wa shule moja kukutana mara kwa mara na kusaidiana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walifuatilia shule zaidi ya 60. Baada ya mwaka mmoja, ambao mpango haukuwa umetekelezwa wote, watoto waliona shule na walimu wao wanawasaidia zaidi. Katika kusoma ilionekana hatua ndogo. Katika kujumlisha na kutoa hakukuwa na mabadiliko. Kwa upande wa walimu, wale wenye uzoefu mdogo kabisa ndio walioongezeka ari ya kazi. Matokeo hayo si muujiza, na anayeahidi muujiza kwa vikao peke yake anadanganya wazazi. Lakini kwa mwaka mmoja, katika shule zilizojaa na zenye walimu waliochoka, hatua ndogo ni hatua.

Nje ya Kongo pia kuna la kujifunza. Mwanasaikolojia wa Marekani Carol Dweck amejulikana kwa kuonyesha kwamba mtoto anayeamini akili inaweza kukua anavumilia kosa kuliko yule anayeamini amezaliwa na kiasi chake. Watu wengi walichukua wazo hilo juu juu, wakabandika maneno ya kutia moyo ukutani. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari huko Marekani, ulikuta kwamba fundisho fupi la namna hiyo linawainua kidogo wanafunzi wenye alama za chini. Uchunguzi wa baadaye juu ya data hizo hizo uliongeza jambo la maana zaidi: faida ilionekana pale ambapo mwalimu wa hesabu mwenyewe aliamini kwamba mwanafunzi anaweza kukua. Pale ambapo mwalimu hakuamini, fundisho lilipotea. Mbegu nzuri kwenye ardhi isiyolimwa.

Walimu watajibu, na wana haki ya kujibu: mtu asiye na mshahara atakaaje kikao cha kuongea juu ya jedwali la saba? Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba shule kwa pesa ya motisha. Elimu ya bure ya primeri, iliyoandikwa katika katiba ya 2006 na kuanza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019, iliwapunguzia wazazi mzigo huo na kujaza madarasa. Lakini walimu wengi wamebaki kwenye orodha ya wasiolipwa, na kati ya wanaolipwa wapo wanaoacha darasa siku kadhaa kila mwezi kufuata mshahara mbali. Kikao cha walimu hakiwezi kuwa dawa ya njaa, wala kisigizio cha serkali kusahau deni lake. Anayemwomba mwalimu asiyelipwa kazi ya ziada siku ya jumamosi, wakati ndiyo siku yake ya shamba, hajui maisha ya Nyangwe.

Ndiyo maana saa hiyo ipatikane ndani ya ratiba. Saa moja kwa wiki, siku ya kazi, wanafunzi wakiachwa kwenda nyumbani mapema. Wazazi wengine watalalamika kwamba walimu wamefunga shule kupiga soga. Direkta mwenye busara atawaita kamati ya wazazi waje waone mara moja madaftari yakiwa mezani, na malalamiko yatapungua. Ruhusa inatakiwa kutoka kwa ofisi ya elimu ya Kasongo na kwa maenspekta, nao wanapaswa kukubali kitu kigumu kidogo kwa wakubwa: wakifika kwenye kikao, wakae kama wenzao wa kazi, kalamu ya kutoa alama ibaki mfukoni. Mwalimu anayejua kwamba atahukumiwa hataleta daftari la mtoto aliyemshinda. Ataleta la mtoto wa kwanza darasani.

Kuna kingine, ambacho Kasongo inakijua vizuri ingawa hakisemwi sana. Shule ziko chini ya wasimamizi mbalimbali: wakatoliki, waislamu, waprotestanti, na za Leta yenyewe. Maniema ni jimbo lenye waislamu wengi kuliko majimbo mengine ya nchi, na familia moja mara nyingi ina watoto shule mbili tofauti. Watoto wanaoga mto mmoja, wanahama pamoja risasi zikilia, na wakihama shule wanavuka mpaka wa wasimamizi bila kuuliza. Walimu wao wanaweza kupita miaka bila kukaa meza moja. Mtandao wa shule jirani unahesabu umbali, hauulizi dini. Mtoto wa Kabambare anayefika Kasongo katikati ya mwaka na kuandikishwa popote penye benchi angepokelewa vizuri zaidi kama walimu wa shule zote za karibu wamekubaliana mapema: anapimwa kwa Kiswahili kwanza, anawekwa darasa la umri wake, anapewa mwenzake wa kumwongoza, na harudishwi mwaka wa kwanza kwa sababu tu hana karatasi.

Bajeti mpya ya Kinshasa haihitajiki ili kuanza. Kwenye kikao cha kwanza, direkta alete rejista ya mwezi wa tisa na rejista ya wiki hii, ziwekwe pamoja mezani. Majina yaliyoko kwenye ya kwanza na hayako kwenye ya pili yasomwe moja moja. Kwa kila jina, walimu waseme wanachojua: yuko shambani, yuko machimbo, ameolewa, amehama, hakuna ajuaye. Halafu waandike mwalimu gani atapita kwao kabla ya ijumaa, na mtoto akirudi jumatatu atakaa benchi gani.